Petroli Inayolifaa Gari, Nyumbani na Ugenini

Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya haidrokaboni zinazotokana na mafuta ghafi, na kila kiwanda cha kusafisha mafuta huzichanganya kulingana na viwango vya nchi inakouzwa. Ndiyo maana petroli ya Mwanza, ya Muscat na ya Chicago zinaweza kunuka harufu moja na bado zisilingane zikiingia ndani ya injini ileile. Zipo tofauti za kiasi cha salfa, cha ethanoli na cha dawa za kusafisha nozeli, lakini iliyo na uzito kuliko zote kwa mwenye gari ni ile inayoandikwa kwa namba kubwa kwenye pampu: okteni.

Ndani ya injini ya petroli, pistoni hupanda na kugandamiza hewa iliyochanganyika na mvuke wa mafuta. Plagi hutoa cheche, na moto husambaa kwa mpangilio kutoka hapo hadi kwenye kuta za silinda, ukiisukuma pistoni chini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini kitu kinapogandamizwa hupata joto, na sehemu ya mchanganyiko ambayo bado haijafikiwa na moto inaweza kushika moto yenyewe. Mlipuko huo wa pembeni hukutana na moto wa kawaida, na injini hutoa mlio mkali kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Dereva huusikia zaidi anapopanda mlima na mzigo, gari likiwa kwenye gia kubwa na mguu ukiwa umekandamiza pedeli. Mafundi husema injini inagonga. Ikigonga kidogo kwa sekunde chache, hakuna hasara kubwa. Ikiachwa igonge kila siku, gasketi ya silinda hedi huungua, pistoni huweza kutoboka, na mwisho wake injini hunoki kabisa.

Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujiwasha. Mwaka 1926 mkemia wa Kimarekani Graham Edgar alichagua vimiminika viwili viwe mizani: isooktani, ambayo huvumilia sana, ikapewa 100, na heptani ya kawaida, ambayo hugonga haraka, ikapewa 0. Petroli ya okteni 95 ni ile inayovumilia sawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani. Namba hiyo haina maana nyingine zaidi ya hiyo. Haipimi nguvu iliyomo ndani ya mafuta, wala usafi wake, wala umbali ambao lita moja itafika. Wenye magari wengi huamini kwamba petroli ya namba kubwa ni petroli bora kwa kila gari, na imani hiyo huwagharimu fedha kila wanaposimama kwenye pampu.

Anayeamua okteni ni aliyeiunda injini. Injini yenye mgandamizo mkubwa, au yenye turbo inayosukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, hutaka petroli inayovumilia zaidi. Injini ya kawaida isiyo na turbo hutosheka na ya chini. Injini ya Toyota aina ya 1NZ-FE, ambayo imezagaa Afrika Mashariki ndani ya IST, Probox na Fielder, ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1 na iliundwa itumie petroli ya kawaida ya Japani. Kuijazia petroli ya bei ya juu hakuifanyi iwe injini nyingine. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanya majaribio kwa magari yaliyoundwa kutumia petroli ya kawaida na hakikuona ongezeko la maana la nguvu wala la umbali yalipojazwa petroli ya daraja la juu. Chama hicho kilikadiria kwamba madereva wa Marekani walipoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 ndani ya mwaka mmoja kwa kununua petroli ambayo magari yao hayakuihitaji.

Kwenda kinyume, yaani kuipa injini okteni ya chini kuliko inayoitaka, ndiko kwenye madhara. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana sensa inayosikia injini inapoanza kugonga, na kompyuta ya gari huchelewesha cheche ili kuinusuru. Dereva hasikii chochote, lakini gari huwa zito, hula mafuta zaidi na huchemka upesi mlimani. Sensa hiyo ni kinga ya dharura. Gari la turbo linaloendeshwa miaka kwa petroli hafifu huishi kwenye dharura hiyo, na dereva akilibana kwenye barabara ndefu yenye mlima, kinga inaweza isitoshe.

Vitabu vya magari hutofautisha maneno mawili ambayo wasomaji wengi huyachanganya. Mtengenezaji akisema okteni fulani inapendekezwa, gari litafanya vizuri zaidi likiipata lakini halitaharibika likipewa ya chini yake kidogo. Akisema inatakiwa, hapo hakuna mjadala.

Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, suala hili haliwezi kuzungumzwa bila kuitaja Japani, kwa sababu magari mengi madogo barabarani yalianza maisha huko. Kiwango cha Japani kina madaraja mawili: la kawaida, lenye okteni isiyopungua 89, na la juu, lisilopungua 96, ambalo vituo vingi huko huliuza likiwa na 100. Gari lililoundwa kwa daraja la kawaida halina shida hapa, maana petroli inayouzwa katika vituo vya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huvuka 89 hiyo. Wanaopaswa kuwa waangalifu ni wale walionunua gari lililoundwa kwa daraja la juu bila kujua. Miongoni mwa magari hayo ni Subaru Forester na Impreza zenye turbo, Volkswagen Golf zenye turbo zilizokuwa zikitumika Japani, na Toyota Mark X ya toleo la kwanza. Mark X ni mfano mzuri wa jinsi kubahatisha kunavyoponza: toleo la kwanza la injini ya lita 2.5 lilitaka petroli ya daraja la juu, na toleo lililofuata, lenye injini ya ukubwa uleule, likaundwa litumie ya kawaida. Anayeuliza jirani mwenye Mark X anaweza kupata jibu sahihi la gari lisilo lake.

Jibu la gari lenyewe liko nyuma ya kifuniko cha nje cha tangi, pale nozeli ya pampu inapoingia. Karibu kila gari lina karatasi au maandishi mahali hapo. Kwenye gari la Japani yanaweza kuwa ya Kijapani, na simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera huyasoma mara moja. Kazi hiyo ifanywe siku gari linapotoka bandarini, kabla karatasi haijabanduka au kupakwa rangi na fundi wa bodi.

Katika vituo vya Afrika Mashariki, petroli ya kawaida, ambayo wengi huiita super, ndiyo inayouzwa kwa bei kikomo inayotangazwa kila mwezi na mamlaka za udhibiti, EWURA kwa Tanzania Bara na EPRA kwa Kenya. Baadhi ya kampuni kubwa huuza pia petroli ya daraja la juu kwa jina la biashara na kwa bei iliyoongezwa. Ndani ya petroli hizo huwa mna vitu viwili vinavyostahili kutenganishwa. Cha kwanza ni okteni kubwa, yenye faida kwa injini inayoihitaji tu. Cha pili ni dawa za kusafisha zinazozuia masizi kuganda kwenye nozeli na kwenye valvu, na hizo huweza kulisaidia gari lolote, hasa lililotumika miaka mingi. Mwenye IST anayejaza petroli ya jina mara mojamoja kwa ajili ya usafi wa nozeli ana hoja. Anayeijaza kila siku akitafuta kasi anapoteza pesa, na pesa hizo zingenunua plagi mpya na kichujio cha hewa, ambavyo vingeleta mabadiliko anayoyatafuta.

Hata hivyo, kwa msomaji wa ukanda huu hatari kubwa kuliko kukosea daraja ni kuuziwa kitu ambacho si petroli kamili. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kwa sababu ndiyo nishati ya watu wa kipato cha chini, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli na petroli ili wale tofauti ya bei. Okteni ya mafuta ya taa ni ya chini mno. Kiasi kidogo tu ndani ya tangi la petroli huishusha namba yote, injini ikaanza kugonga, plagi zikashika masizi na oili ikachafuka mapema. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kikemikali, kwenye mafuta mwaka 2010 ili wakaguzi watambue yaliyochakachuliwa na yale ya kwenda nchi jirani yaliyouzwa ndani kwa magendo. Mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili tofauti ya bei iliyowavutia wachakachuaji isiwepo. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Hatua hizo ziliwaumiza waliokuwa wakipikia na kuwashia taa kwa mafuta hayo, na ni haki kulisema hilo. Lakini kwa upande wa magari zimeipunguzia biashara ya uchakachuaji faida yake.

Mwenye gari hana maabara, lakini ana njia za kujilinda. Kituo chenye wateja wengi hupokea mafuta mapya mara kwa mara, na mafuta yake hayakai chini ya ardhi yakakusanya maji. Kituo ambako lori linashusha mzigo si cha kukimbilia saa hiyohiyo, kwa sababu uchafu na maji yaliyotuama chini ya tangi huweza kutibuka. Gari likianza kugonga, kukosa nguvu au kuzimika muda mfupi baada ya kujazwa, risiti ndiyo ushahidi wa kupeleka kwa mamlaka, hivyo risiti idaiwe kila mara. Petroli ya kwenye chupa na vidumu kando ya barabara haifai kwa gari isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kufika kituoni. Haijulikani imetoka wapi, imekaa juani kwa muda gani, wala chombo kilibeba nini jana yake.

Jambo moja ambalo msafiri wa leo hana haja ya kulihofia ni madini ya risasi ndani ya petroli. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya utafiti kwa General Motors huko Dayton, Ohio, aligundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi kiliondoa kugonga, na kuanzia 1923 dunia ikaanza kuununua. Ilikuwa sumu iliyoingia kwenye hewa na kwenye damu ya watoto kwa zaidi ya nusu karne. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeacha. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Kwa magari, kuondoka kwa risasi kuliruhusu matumizi ya kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosti ambacho mafundi wengi wa Tanzania hukiita masega, kwani risasi hukiua upesi.

Ugenini, kosa la kwanza hutokana na hesabu. Okteni hupimwa kwa njia mbili kwenye injini maalumu ya silinda moja. Njia ya RON huiendesha injini hiyo kwa mizunguko 600 kwa dakika katika hali nyepesi. Njia ya MON huiendesha kwa mizunguko 900 huku mchanganyiko ukipashwa joto, na petroli ileile hupata namba ya chini, mara nyingi kwa pointi 8 hadi 10. Afrika Mashariki, Ulaya, Japani na nchi za Ghuba huandika RON. Marekani na Kanada huandika wastani wa namba hizo mbili, na kwenye pampu huwa pana alama ya (R+M)/2. Kwa hiyo 87 ya Marekani ni karibu sawa na 91 au 92 ya RON, 91 ya huko inakaribia 95 au 96, na 93 inakaribia 98.

Mtu aliyetoka Nairobi akafika Houston, akaona 87 kwenye pampu, hushtuka na kukimbilia 93. Hasara yake ni ya mfukoni tu. Kosa la upande wa pili ndilo baya. Magari mengi yaliyotumika Marekani huuzwa tena katika nchi za Ghuba, na mengine huendelea hadi Afrika. Gari lililoandikwa 91 na mtengenezaji wake wa Marekani, likijazwa M91, yaani RON 91, mjini Muscat kwa kuwa namba zimefanana, linapewa petroli ya daraja la 87 ya kwao. Linalolifaa ni M95. Dubai na Saudi Arabia nazo huuza 91 na 95, zote zikiwa za RON, na kanuni ya kubadilisha ni ileile.

Ulaya haina shida ya namba, kwani petroli yake ya kawaida huanzia 95 na inatosha kwa karibu kila gari lililotoka Japani. Huko cha kuangaliwa ni ethanoli, yaani alkoholi inayochanganywa kwenye petroli. Tangu Oktoba 2018 pampu na magari mapya katika Umoja wa Ulaya huwekewa alama za aina moja: petroli iko ndani ya duara, dizeli ndani ya mraba, na gesi ndani ya umbo la almasi. Duara lenye E5 maana yake ethanoli haizidi asilimia 5. E10 haizidi asilimia 10. Uingereza iliifanya E10 kuwa petroli ya kawaida mwezi Septemba 2021, huku E5 ikibaki kwenye daraja la juu. Ethanoli ina okteni kubwa lakini nishati ndogo kuliko petroli, kwa hiyo gari hula mafuta zaidi kwa takribani asilimia 3 kwenye E10. Kwa magari mapya hilo halina madhara. Kwa magari ya zamani yenye kabureta, ethanoli hulainisha mipira na mabomba na huvuta maji. Gari la aina hiyo likiegeshwa miezi mingi lisiachwe na E10 ndani ya tangi. E85, ambayo sehemu yake kubwa ni ethanoli, ni ya magari yaliyoundwa kwa ajili yake pekee, na bei yake ya chini isimshawishi mgeni.

Karibu na nyumbani pia ethanoli ipo. Malawi imekuwa ikiichanganya kwenye petroli tangu 1982 kutokana na viwanda vyake vya sukari, na Zimbabwe imefikia asilimia 20 kwa vipindi mbalimbali. Brazili imekwenda mbali kuliko zote: petroli yake ya kawaida ilifika asilimia 30 mwaka 2025.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una neno lake. Hewa ya juu ni nyepesi, injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo, mgandamizo hupungua na haja ya okteni hushuka. Ndiyo sababu Afrika Kusini huuza 93 katika nyanda za juu za Gauteng na 95 pwani, na mji wa Denver, ulio mita 1,600 hivi juu ya bahari, huuza 85 ya Kimarekani. Gari la kabureta lisilogonga Nairobi linaweza kugonga likishuka Mombasa na mafuta yaleyale. Magari ya kompyuta hujirekebisha, ila yenye turbo hayapati nafuu hiyo ya mwinuko, kwa kuwa turbo hurudisha hewa iliyokosekana. Anayesafiri kutoka Johannesburg kwenda Durban ajaze 95 kabla ya kuteremka.

Petroli za namba mbili zikichanganywa ndani ya tangi hutoa okteni ya katikati, na hakuna ubaya wowote. Hivyo, aliyelazimika kujaza hafifu katika mji mdogo aendeshe taratibu, ashushe gia mapema mlimani ili injini isizidiwe, kisha aongeze ya daraja la juu kwenye kituo kinachofuata.

Rangi za pampu hazifai kutegemewa hata kidogo. Japani, mpini mwekundu ni petroli ya kawaida, wa njano ni ya daraja la juu na wa kijani ni dizeli. Uingereza, kijani ni petroli na nyeusi ni dizeli. Marekani, kijani mara nyingi ni dizeli. Saudi Arabia, kijani ni petroli ya 91. Majina nayo hutega: Msumbiji, gasolina ni petroli lakini gasóleo ni dizeli; Kongo na Burundi, essence ni petroli, na gasoil au mazout ni dizeli. Anayevuka mpaka amwambie mhudumu jina la mafuta kwa lugha ya hapo na asimame aone nozeli inayochomolewa, maana nozeli ya petroli ni nyembamba na huingia kwa urahisi kwenye tangi la gari la dizeli.

Ikitokea yamejazwa mafuta yasiyo yake, swichi isiwashwe hata kwa ajili ya redio, kwa sababu kwenye magari mengi pampu ya ndani ya tangi huanza kusukuma mara hiyo. Gari lisukumwe pembeni na fundi alimwage tangi papo hapo. Gharama ya kumwaga tangi ni sehemu ndogo tu ya gharama ya pampu mpya na nozeli mpya.